Wafalme wa Kaburini

Jumamosi ile wazazi walipoitwa shuleni, Veronicah Gatwiri aliamka akijua kwamba kufikia jioni huenda hatakuwa na kazi. Mwalimu mkuu, Bwana Kathuri, alikuwa amepita nyumbani kwake jioni iliyotangulia, akasimama mlangoni na kukataa hata chai. Kathuri alikuwa mtu mpole asiyependa kelele, na kwa sababu hiyo habari mbaya aliitoa haraka, kama mtu anayetema kitu kichungu. Halmashauri ya shule inakuja, alisema. Mwenyekiti, Mzee Ndambiri, amekaa na lile kasha la mchezo nyumbani kwake tangu katikati ya juma na amesoma kitabu kilichomo chote. Wazazi wamekasirika. Yeye atajaribu kusema neno, lakini Gatwiri asimtegemee sana.

Shule hiyo ilikuwa ya bweni, ya wasichana, katika nchi kavu ya Mbeere, upande wa kuteremkia Kiambere. Gatwiri hakuwa mtu wa huko. Alizaliwa Mikinduri, upande wa Meru, kwenye baridi na mashamba ya miraa, akaletwa na kazi ya kufundisha hesabu, na ingawa alikuwa amekaa miaka kadhaa, sokoni bado aliitwa yule mwalimu wa Meru.

Kasha aliachiwa na Maxine, Mwingereza wa kujitolea aliyefundisha fizikia hapo kisha akarudi kwao. Ndani yake mlikuwa na mchezo wa vita: majeshi mawili ya askari wa bati, warefu kama kidole, waliopakwa rangi kwa brashi nyembamba, dadu, kitabu cha kanuni, na kitabu kingine cha hadithi, kinachoeleza kila jeshi limetoka wapi na lina sifa gani. Watu wawili walipanga majeshi yao mezani, wakayasogeza kwa zamu wakipima mwendo kwa rula, na dadu ndizo zilizoamua nani ameanguka. Mwenye kushika kilima mwishoni ndiye mshindi. Gatwiri aliona humo hesabu za uwezekano, zile zile ambazo ubaoni ziliwatia wasichana usingizi. Akaanzisha chama cha Jumamosi alasiri. Walikuja wachache, kisha wakajaa mpaka wengine wakasimama juu ya viti nyuma.

Halafu Ednah akapiga kelele.

Ednah alikuwa wa kidato cha pili, mtoto mtulivu, na mezani hakuna aliyemweza. Usiku mmoja wa Oktoba alikurupuka usingizini akilia kwamba wanakuja, wanakuja. Bweni zima likaamka, likapiga mayowe pamoja naye bila kujua sababu, na katika kusukumana mlangoni msichana mmoja akavunjika mkono. Ednah alipoulizwa ni akina nani wanaokuja, alinyamaza. Wenzake wakamjibia. Wakasema ni wale wafalme wa kwenye kasha.

Ulikuwa mwaka wa 1995, na redio haikumaliza wiki bila kutaja tume ya serikali iliyoundwa kuchunguza ibada za shetani. Watu walitazama pete za wageni vidoleni, wakachunguza sabuni walizonunua. Habari za bweni zilipofika sokoni zilikuwa zimeshaota pembe: mwalimu wa Meru ameleta majini ndani ya sanduku, na watoto wanayapigia magoti kila Jumamosi.

Ukumbi wa kulia chakula ulijaa kabla ya saa tano. Wazazi walikaa kwenye mabenchi, wasichana wakazuiwa nje, nao wakabandika nyuso zao kwenye madirisha. Mzee Ndambiri alikaa mbele na kasha miguuni. Alikuwa mfugaji na mzee wa kanisa, mrefu, mwenye sauti ya chini inayowafanya watu wainame kumsikiliza. Hakutukana mtu. Alifungua kile kitabu cha hadithi, akaweka kidole chini ya mstari, akasoma Kiingereza chake polepole huku akikitafsiri.

"Wafalme wa Kaburini hawajawahi kushindwa tangu dunia iumbwe," alisoma. "Hawaogopi chuma wala sala. Wakitembea, nchi hunyamaza."

Alifunga kitabu.

"Wala sala," alirudia. "Mwalimu, haya ndiyo unawafundisha watoto wetu?"

Ukumbi ulivuma. Mama mmoja aliinuka, mfanyabiashara wa ndengu aitwaye Alice, ambaye Gatwiri alimfahamu vyema kwa kuwa ndiye mama yake Ednah. Alice alisema hahitaji kusikia zaidi. Mwanawe halali, hali chakula, na akiguswa begani anaruka. Kasha lichomwe leo, hapa hapa, na aliyelileta arudi alikotoka.

Gatwiri alisimama. Alisema kwamba maneno hayo ni hadithi tu, sifa ambazo mtunzi aliwavisha askari wake ili wapendeze kununuliwa. Kanuni za mchezo ni kitu kingine. Kwenye kanuni, Wafalme wa Kaburini ni wachache, na kila zamu huenda nusu rula tu, wakati Wakulima wa Bondeni, wale ambao kitabu kinasema hukimbia hata kuku, ni wengi, huenda rula nzima, na wana makombeo. Wasichana waliwabandika wafalme jina la wazee wa baraza, kwa sababu hufika mambo yakiwa yamekwisha. Hilo la mwisho lilimfika ulimini akalimeza.

"Mzee, hawa wa kutisha ndio wanaoshindwa," alisema. "Karibu kila mara. Mtunzi alimaliza nguvu zao zote kwenye maneno."

Mzee Ndambiri alilisukuma kasha kwa mguu kuelekea kwake.

"Nionyeshe," alisema.

Bwana Kathuri alijaribu kuingilia, akasema pengine hapafai, mbele ya wazazi. Ndambiri hakugeuka. Alisema kama wafalme hawa hawana nguvu, basi na ionekane. Yeye mwenyewe atashika wale wakulima, maana mtu aliyeokoka hawezi kugusa wale wengine, na mwalimu atashika wafalme wake. Wakishindwa, ataamini ni vinyago vya watoto. Wakishinda, basi kitabu kimesema kweli.

Meza mbili ziliunganishwa. Palichorwa mto kwa chaki, na katikati wakarundika madaftari chini ya blanketi la kijani, kikawa kilima, na wafalme wakawekwa juu yake. Ednah aliitwa aje kupima mwendo na kuhesabu dadu, kwa kuwa alizijua kanuni kwa moyo. Aliingia akiwa amejikunyata ndani ya sweta, akasimama upande wa dirisha. Mama yake hakumwondolea macho.

Hapo ndipo Gatwiri alipoona shimo alilojichimbia. Ili aokoke ilimpasa kushindwa, tena na mtu ambaye hajawahi kushika dadu. Naye mzee upande wa pili alikuwa amenaswa vile vile: akishinda amemsafisha mwalimu, akishindwa ameshindwa na kuzimu mbele ya kanisa lake zima. Lakini Ndambiri hakuwa mtu wa kucheza ili ashindwe. Hilo lilionekana katika jinsi alivyokunja mikono ya shati.

Alicheza kama mtu aliyesoma hadithi. Wakulima walikuwa wameitwa waoga, naye hakutaka waonekane waoga. Akawaacha wenye makombeo nyuma, akawachukua wenye uma na majembe, akawapeleka mbio moja kwa moja kilimani, kifua mbele. Baadhi ya wazazi walimuunga mkono kwa sauti. Kulikuwa na njia moja tu ambayo wafalme wazito wangeweza kushinda, nayo ni adui awafuate mwenyewe mpaka mikononi mwao. Karibu, ana kwa ana, walikuwa wa kutisha kweli. Mtunzi alikuwa amewaachia hilo.

Dadu za kwanza zilipoanguka, safu ya mbele ya wakulima ilikwisha. Ednah aliwaondoa mmoja mmoja na kuwalaza pembeni. Zamu iliyofuata ikamaliza ya pili.

Ikafika zamu ya Gatwiri. Mfalme wake mkubwa, mwenye taji la mifupa, alikuwa amebakisha urefu wa kidole kumfikia mshika bendera wa wakulima. Akimwangusha huyo, waliobaki wote wangetawanyika na mchezo ungekuwa umekwisha. Akimgeuza mfalme upande mwingine, kidogo tu, kama mtu aliyekosea kupima, mzee angepata nafasi ya kupumua. Watu kwenye mabenchi wasingejua. Kathuri asingejua. Alishika rula, akaiweka chini, akaishika tena. Alipoinua macho alikutana na macho ya Ednah, na Ednah alikuwa ameshaiona hatua. Huyu ndiye mtoto ambaye mwanzoni mwa mwaka alimwachia mwenzake ushindi kwa huruma, na Gatwiri akamweka kando akamwambia kwamba kumwachia mtu ushindi ni kumtukana.

"Mbona umekwama?" Ndambiri aliuliza.

Gatwiri aliona hana la kuficha. Alisema kwamba akicheza sawasawa atashinda, si kwa sababu wafalme wana nguvu, ila kwa sababu mzee hajui mchezo.

"Cheza sawasawa," mzee alisema.

Akacheza. Dadu zikagongana mezani. Mshika bendera akaanguka, wakulima wakatawanyika, na mfalme wa mifupa akabaki amesimama juu ya blanketi la kijani.

Mtu mmoja nyuma alianza kuomba kwa sauti, wengine wakamfuata. Benchi likaanguka. Alice alifika mezani kwa hatua ndefu, akamshika Ednah mkono na kumvuta kwake, akasema wote wameona kwa macho yao, kiberiti kiko wapi. Bwana Kathuri aliinua mikono kuomba utulivu na hakuna aliyemsikia. Gatwiri alibaki pale pale na rula mkononi. Aliwaza habari za mama yake, namna atakavyomwelezea kwamba amefukuzwa kazi kwa ushetani.

Ndambiri alikuwa hajainuka. Alikuwa ameinamia meza, akitazama ile nafasi tupu kati ya mto na kilima.

"Hawa hawakunifuata," alisema. Alisema kwa sauti yake ile ya chini, na walio karibu wakanyamaza ili wasikie, kisha walio mbali. "Tangu tuanze hawajatoka hapo kilimani. Mimi ndiye niliyewafuata."

Aliomba askari wapangwe upya. Alice akasema haiwezekani, matokeo yameshaonekana. Mzee akamjibu kwa heshima kwamba ameonekana yeye Ndambiri akiwa mjinga, na hilo halimtoshi. Akamuuliza Gatwiri mambo ambayo hakuyauliza mara ya kwanza: kombeo hufika umbali gani, mfalme akitaka kugeuka nyuma hupoteza nini, mto huvukwa kwa mwendo upi. Gatwiri alimjibu kila kitu bila kumficha. Ednah akajichomoa kutoka mkononi mwa mama yake na kurudi upande wake wa meza.

Safari hii mzee hakugusa kilima. Aliwaweka wakulima wake ng'ambo ya mto na kuwaacha wenye makombeo mbele. Gatwiri, aliyeagizwa kucheza sawasawa, alicheza sawasawa. Akijua wafalme wake wakibaki kilimani watapigwa mawe mpaka waishe, aliwateremsha. Nusu rula. Ndambiri akarudi nyuma rula nzima na kupiga. Nusu rula tena. Mzee akagawanya watu wake, wengine kushoto, wengine kulia, wafalme wasijue wamfuate nani. Kila walipogeuka walipoteza zamu, na kila zamu iliyopotea mfalme mmoja alianguka. Bado ilikuwa vita. Mara moja Gatwiri alinasa kundi zima la wakulima mtoni na kulifuta, na mzee akavuta pumzi kwa meno. Mfalme wa mifupa alipigwa mara nyingi na kila mara dadu zikamwokoa, mpaka watu wakaanza kunong'ona tena.

Kufikia zamu ya mwisho wafalme walikuwa watatu, wamekwama kwenye chaki ya mto, na kilima kiko wazi nyuma yao. Ndambiri alichukua kikundi kidogo alichokuwa amekificha ukingoni mwa meza na kukipandisha blanketi. Gatwiri alipima mwendo wa mfalme wake kurudi. Alipungukiwa na zaidi ya nusu ya safari. Alimpa Ednah rula apime mwenyewe, watu waone.

"Hafiki," Ednah alisema.

Ndambiri alimwokota mfalme wa mifupa, yule yule aliyesema hawezi kumgusa, akampindua na kumtazama nyayo. Akamweka ndani ya kasha.

"Si hawa," alisema.

Baadhi ya watu walianza kuchukua kofia zao wakidhani mambo yamekwisha. Gatwiri pia alidhani hivyo, na machozi ya nafuu yalikuwa yanamlenga, ndipo mzee akamgeukia Ednah.

"Binti yangu, usiku ule ulisema wanakuja. Kama si hawa, ni akina nani?"

Ednah alishika ukingo wa meza. Gatwiri alikuwa amemuuliza swali hilo mara kadhaa na kila mara akapata kichwa kilichoinama. Sasa mtoto alikuwa anamtazama mama yake, na mama yake alikuwa anatazama sakafu.

"Nyanya amesema Desemba," Ednah alisema. "Amesema yule mama wa kisu ameshaitwa. Na mama anajua."

Kila mtu mle ndani alijua kinachozungumzwa, kitendo cha kukeketa wasichana. Kanisani kilikatazwa, chifu alikikataza, na kila Desemba wasichana wa vijiji kadhaa walifungiwa nyumbani kwa majuma, kisha Januari wengine hawakurudi shuleni. Wanaume walitazama madirisha. Mama mmoja alisema kwa kunong'ona kwamba hayo ni mambo ya nyumbani, na hakuna aliyemuunga mkono wala aliyempinga.

Alice hakulia. Alisema, bila kuinua kichwa, kwamba nyumba si yake, ni ya mama mkwe. Mume wake yuko mbali kikazi na ameshakubali. Yeye akikataa atarudishwa kwao na watoto watabaki. Alizungumza kama mtu anayesoma kitu alichokwisha kukariri. Kisha akasema kwamba wiki hizi zote aliomba iwe kasha, kwa sababu kasha linachomeka.

Gatwiri alimtazama Ndambiri. Mzee alikuwa amekaa na mikono juu ya magoti, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana mzee. Alisema yeye mwenyewe atakwenda kuzungumza na bibi huyo.

"Na akikataa?" Gatwiri aliuliza.

Ndambiri alisema hilo hana uwezo nalo. Gatwiri aligeuka kwa Alice. Alisema kwao Mikinduri kuna nafasi, mama yake anaishi na dada zake wadogo, na kwao jambo hilo lilishaachwa. Shule zikifungwa anaweza kwenda na Ednah na kumrudisha zikifunguliwa. Lakini hatamwiba mtoto wa mtu. Mama yake aseme.

Walisubiri. Alice aliinua kichwa, akamtazama binti yake.

"Mchukue," Alice alisema mwishowe. "Nitasema nimemtuma."

Siku ya kufunga shule bibi yake Ednah alikuja langoni na wanawake wawili, akamkuta Bwana Kathuri amesimama hapo peke yake. Walimtukana kwa muda mrefu, kwa Kimbeere kizito, naye asiyependa kelele akazipokea zote bila kusogea. Basi la asubuhi lilikuwa limekwisha kuondoka na Gatwiri na Ednah. Alice alipigwa na shemeji yake Krismasi ile, akaenda kukaa kwa dada yake Embu, na huko ndiko alikoanza upya biashara ya ndengu. Mzee Ndambiri alikuwa amelizungumzia jambo hilo kanisani Jumapili iliyofuata mkutano, na watu kadhaa wakatoka nje akiwa bado anazungumza. Kabla Pasaka haijafika wazazi walikuwa wamemchagua mwenyekiti mwingine. Gatwiri hakufukuzwa. Alihamishiwa Ruiri mwaka uliofuata, kwa karatasi isiyotaja sababu, na kasha likabaki stoo ya shule likiwa limefungwa kwa kamba.

Ednah alikaa Mikinduri likizo nzima. Siku za mwanzo alivaa sweta mbili na hakupenda kutoka. Magari ya miraa yalipopita kwa kasi yakipiga honi, alisimama ghafla, akimwaga chochote alichoshika. Mama yake Gatwiri hakumuuliza neno. Alimpa kigoda na sinia la maharagwe ya kuchambua, na Ednah akakiweka kigoda hicho pale uani ambapo angeona barabara yote mpaka kwenye kona. Akachambua bila kutazama mikono yake.

Asubuhi moja karibu na mwaka mpya Gatwiri alitoka na chai, akamkuta amekisogeza kigoda upande wa jikoni, penye jua, mgongo wake ukiwa umeelekea barabara. Dada wadogo wa Gatwiri walikuwa wamemzunguka. Alikuwa anawafundisha kuhesabu nafasi za kitu kutokea, kwa kutumia maharagwe mekundu na meupe ndani ya kofia.